Matembezi ya Mangapwani na Deni Lililotungojea



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi uliopita tuliahidi kwamba katika ukurasa huu tutaendelea na mazungumzo yetu juu ya adabu za mtoto anapokaa kwenye sinia ya chakula pamoja na wakubwa. Twaomba radhi, ahadi hiyo tutaitimiza mwezi ujao, inshaallah. Mwezi huu limetukuta jambo ambalo lau tungelinyamazia, tungekuwa tukiwafundisha watoto wenu yale tusiyoyatenda wenyewe. Na mwalimu wa namna hiyo ni mfano wa mtungi uliotoboka, hujazwa huku wavuja.

Wanafunzi wa chuo chetu, idadi yao 26, walimaliza mitihani yao ya mwaka, na wazazi wakaona si vibaya wakapelekwa matembezi ya siku moja nje ya mji wa Unguja ili wapate kupumzisha akili zao. Zikatolewa rai. Mmoja alisema waende Jozani wakawatazame kima punju. Mwengine alisema Kidichi, wakayaone mahamamu aliyoyajenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Ndipo mzazi mmoja aliposema, "Kwa nini wasiende Mangapwani? Kuna pango, kuna bahari, kuna vivuli, wala si mbali." Wote wakafurahi. Sisi peke yetu tuliishikilia Jozani, tukasema kuwa watoto wangefurahi zaidi kuwaona kima. Hapana aliyejua sababu yetu. Rai ya wengi ikatushinda, na siku ya Jumamosi tukapakia masufuria, mikeka na watoto, tukaondoka.

Sasa hapana budi tuwaeleze Mangapwani ni nini kwetu.

Yapata mwaka 1980, tulipokuwa na umri wa miaka 10, kila likizo ya mwezi wa Disemba wazazi wetu walikuwa wakitupeleka huko, sisi na ndugu zetu wawili, kwa bibi yetu, dada wa mama yake baba. Miaka ile mjini sukari ilikuwa ya foleni, na mchele wa foleni, na mtoto wa mjini alijua kupanga mstari kabla hajajua kusoma saa. Basi kufika shamba kwetu kulikuwa kama kufunguliwa kifungo. Tulikwenda kwa gari la mbao, tumebanwa baina ya vikapu na mabanzi, na tulipopita Bububu na Chuini tukaanza kuinusa bahari kabla ya kuiona. Bibi alikuwa akitungoja chini ya mwembe uliokuwa mbele ya nyumba yake, na neno lake la kwanza siku zote lilikuwa lile lile: "Wamekonda!"

Ni lipi tulilolikosa huko? Asubuhi muhogo wa nazi na samaki wa kuchoma. Mchana embe boribo mpaka mikono inanata. Jioni kucheza kwenye mchanga maji yakiwa yametoka. Usiku bibi alitusimulia hadithi huku akisuka ukili gizani, vidole vyake havihitaji taa. Katika maisha yetu yote, tulipotaka kuwaeleza watoto maana ya raha, Mangapwani ndiyo iliyokuwa ikitujia machoni.

Na katika Mangapwani, kitu kikubwa kilikuwa ni pango. Wale msiolifika, jueni kwamba ni shimo kubwa ndani ya jiwe la matumbawe. Ukishuka ngazi unaiacha joto juu, na chini unakuta giza, baridi na maji matamu. Watu husimulia kwamba aliyeligundua ni mtoto mtumwa aliyekuwa akichunga mbuzi. Mbuzi mmoja akapotea, naye akaifuata sauti yake mpaka akafika kwenye tundu ardhini. Ama maji yenyewe, asili yake ni mvua. Jiwe la matumbawe lina matundu kama sifongo. Maji ya mvua hupenya ndani yake, yakateremka mpaka yakakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka upande wa pili. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake. Kwa ajili hiyo hiyo baadhi ya mito ya kisiwa chetu, kama ule wa Mwera, haifiki baharini, bali humezwa na mawe ikapotea. Zama za kabla ya mabomba, watu wa pande zile walikunywa na kupikia maji ya pango.

Lakini maji hayapandi ngazi yenyewe, wasomaji wetu. Maji tuliyokunywa, tuliyooga, na tuliyoyamwaga kwa mchezo wa kurushiana, yalipandishwa na mtoto mmoja. Alikuwa mwana wa jirani, mjane aliyekaa nyumba ya tatu, naye alikuwa na miaka 12. Jina lake si haki yetu kulitangaza gazetini. Hapa tutamwita Mwenzetu. Alfajiri alishuka pangoni na mzegazega wake, debe huku na debe huku. Akapanda, akajaza mitungi ya bibi, kisha akarudi kwa ya mama yake. Jioni tena. Wageni walipokuja, safari zake ziliongezeka maradufu, kwa kuwa watoto watatu wa mjini tulikuwa tukioga kama bata. Sisi tulidhani anapenda. Mbona kila siku anakwenda? Wala hatukutambua kuwa siku zetu za mapumziko zilikuwa kwake ndizo siku za kazi nzito kuliko zote za mwaka.

Babu, mume wa bibi yetu, alikuwa na kurunzi ya bati linalong'aa. Kwa kurunzi hiyo alikwenda msikitini alfajiri, na kwa hiyo aliangalia madema yake usiku. Mawe ya kuitia yalikuwa adimu, na hakumruhusu mtu yeyote kuigusa. Nasi watoto wa kijiji walikuwa wametuambia kuwa mwisho wa pango mna njia inayokwenda mpaka baharini. Siku moja baada ya sala ya adhuhuri, babu amelala, tuliitwaa kurunzi kutoka juu ya rafu, tukashuka nayo pangoni ili tuione njia hiyo. Tukainama juu ya maji. Mkono ulikuwa umelowa. Kurunzi ikatuponyoka, ikazama huku ingali yawaka, na tukaiona nuru yake ikienda chini, kijani, kisha ikazimika.

Na tunaposema "sisi" hapa, msidhani tunawatia ndugu zetu. Wao walikuwa wanacheza ufukweni. Aliyeitwaa na aliyeizamisha ni mwandishi wa ukurasa huu, kwa mkono huu huu unaoshika kalamu.

Alasiri babu akaitafuta kurunzi yake. Akauliza nani aliyeichukua. Tukanyamaza. Akatutazama sisi wageni, akaona aibu kutuuliza mara ya pili. Kisha akamtazama Mwenzetu, aliyekuwa anamimina maji mtungini. Nani aingiaye na kutoka nyumba hii kila siku? Nani ajuaye kila kitu kinapowekwa? Mtoto wa watu akakana. Babu akavunja ufito. Mwenzetu alipokuwa akipigwa alitugeuzia uso mara moja tu, akatutazama, wala hakusema kitu. Nasi tulikuwa tumesimama karibu na mwembe, embe mkononi. Siku ya pili gari la mbao likaja, tukarudi mjini na vikapu vitatu vya maembe.

Likizo iliyofuata tulisema tunaumwa. Iliyofuata tukasema tuna masomo. Bibi akafariki baada ya miaka michache, na babu akamfuata. Maziko yote mawili yalitupita kwa udhuru tuliojitungia wenyewe. Tukakua, tukasoma, tukawa mwalimu wa chuo. Miaka zaidi ya 30 sasa tumekaa mbele ya watoto tukiwafundisha kwamba haki ya Mola, mja akitubia kwa kweli, rehema ni pana; lakini haki ya mja mwenzako haifutiki mpaka umrudishie au akuridhie. Tumelisema hilo mara nyingi mno, na kila tulipolisema, kuna kitu kidogo chenye nuru ya kijani kilikuwa kikizama ndani ya kifua chetu. Sasa mnajua kwa nini tulitaka kwenda Jozani.

Basi tukaenda. Njia ni ile ile na si ile. Zamani, ukiiacha Bububu, ulikuwa unaingia minazini na mikarafuuni. Leo nyumba zinafuatana na nyumba, na ukuta na ukuta. Watoto walikuwa wakiimba kasida. Sisi tulikaa mbele karibu na dereva, tukihesabu maili kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Kwanza tuliwapeleka kwenye kile chumba cha watumwa, kilicho mwendo kidogo kutoka pangoni. Tuliwaeleza kwamba mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko lao la mjini. Lakini walikuwapo wafanya biashara ambao hawakuacha, bali waliificha biashara yao, na chumba kile kilichochimbwa ndani ya jiwe kilikuwa mahali pa kuwafichia wanadamu mpaka majahazi yafike. Tena utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897. Watoto wakashuka mmoja mmoja, wakatoka kimya. Binti mmoja wa miaka 11 akatuuliza, "Maalim, mle ndani nani aliyekuwa akiwaletea maji?" Hatukuweza kumjibu. Tukamwambia, "Swali lako ni zuri," kama wasemavyo walimu wanapokosa la kusema.

Kisha tukaenda pangoni. Ngazi zilituonekea chache kuliko za utotoni, na maji yalionekana karibu kuliko tulivyokuwa tukiyakumbuka. Lakini baridi yake ni ile ile. Wanafunzi wakapiga kelele wasikie mwangwi wao. Sisi tukasimama pale pale tulipoinama siku ile. Nafsi ikasema: umefika, umeona, umejuta, majuto ni toba, rudi ukale pilau. Hiyo ndiyo nafsi, wasomaji wetu. Hata toba yaweza kuifanya kuwa pazia. Tukawakabidhi watoto kwa walimu wenzetu na kina mama waliofuatana nasi, tukapanda ngazi, tukamuuliza kijana aliyekuwa akiuza madafu kama anamjua mtu fulani, mwana wa fulani. Akajibu, "Mzee wa madema? Yuko chini ya mwembe."

Ulikuwa ni mwembe ule ule. Nyumba ya bibi imebomoka, umebakia msingi na majani; lakini mwembe umesimama, na chini yake alikaa mtu mwenye mvi, anasuka dema kwa fito. Tulimtolea salamu. Aliitikia bila ya kuinua macho, akasema, "Karibu, Sheikh. Wageni wa pango?"

Tukamtajia jina letu na jina la bibi yetu. Mikono yake ikasimama.

"Wewe ndiye yule wa mjini," akasema. "Uliyekuwa ukiogopa kushuka ngazi peke yako."

Tukamwambia ndiye. Akasogeza fito, tukakaa mchangani. Tukaulizana habari za watoto na za afya, kama desturi. Kisha tukamwambia kwamba tumekuja kwa ajili ya kurunzi. Hatukupamba maneno. Tulimwambia: tuliichukua sisi, tuliizamisha sisi, tulinyamaza sisi, nawe ukapigwa.

Akasema, "Niliiona ilipokuponyoka. Nilikuwa juu ya ngazi na madebe yangu."

Tukastaajabu mno. Tukamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilimwambia mama. Mama akanambia, mgeni kesho anaondoka, sisi tunabaki hapa. Ukimwumbua mjukuu wao, nyumba ile itatufungia mlango, na sisi tunaishi kwa mlango ule. Vumilia." Akatia ufito mmoja, akauvuta. "Nikavumilia. Lakini kurunzi yenyewe sikuweza kuiacha mle. Nyinyi mlipokwisha kuondoka, siku ya tatu, nilijifunga kamba kiunoni, nikapiga mbizi mpaka nikaipata. Nikaianika juani. Haikuwaka. Nikaichukua nikampelekea babu yenu, nikadhani atafurahi."

Akanyamaza kidogo.

"Akasema: sasa nimeamini kuwa ni wewe, asiyeiba hajui kilipofichwa. Akanipiga mara ya pili. Ile ya kwanza nilipigwa kwa dhana. Ya pili nilipigwa kwa ushahidi, na ushahidi nimeupeleka kwa mikono yangu mwenyewe."

Wasomaji wetu, sisi tulikwenda na deni la kipigo kimoja, tukakuta mbili. Deni lisilolipwa halikai mahali lilipoachwa. Tukashika mkono wake, tukamwomba radhi kwa yote, yale tuliyoyajua na yale tusiyoyajua. Akasema, "Wewe nimekusamehe siku nyingi. Tulikuwa watoto. Lakini babu yenu amekufa akinijua mimi mwizi." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari ya hewa, akaongeza, "Shangazi yako yu hai, nyumba ile yenye bati jekundu. Nampelekea samaki. Hunilipa dirishani. Miaka yote hii sijavuka kizingiti chake."

Hakutuomba kitu. Akarudi kwenye dema lake.

Hapo tukatambua kuwa wanafunzi wetu wawili wakubwa walikuwa wametufuata, wamesimama nyuma ya mwembe, na wamesikia yote. Fikra ya kwanza iliyotujia ni kuwarudisha pangoni. Heshima ya mwalimu ndiyo mtaji wake. Mtoto atamwaminije anayemfundisha ukweli, akijua kwamba mtu huyo alikula embe mwenzake akipigwa kwa ajili yake? Lakini tukajiuliza: heshima hiyo tunayoihifadhi, tuliinunua kwa nini? Mwenzetu ndiye aliyeilipia. Tukawaambia wanafunzi, "Njooni," na tukamwomba Mwenzetu afuatane nasi.

Shangazi yetu, binti wa bibi na babu, alikuwa amekaa barazani kwake anasuka ukili kama alivyokuwa akisuka mama yake. Alitujua kabla hatujasema, kwa mwendo. Akalia, akacheka, akatulaumu kwa miaka yote tuliyopotea, akaita mjukuu alete mkeka na kahawa. Mwenzetu alisimama chini, mkono juu ya nguzo, mahali ambapo bila shaka amekuwa akisimama siku zote. Hatukukaa. Tukamweleza Shangazi habari ya kurunzi tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya Mwenzetu, mbele ya wanafunzi wetu, na mbele ya mjukuu aliyekuja na birika.

Alisikiliza, na ukili ukateleza mkononi mwake ukaanguka. Akakaa muda mrefu, mpaka tukaisikia bahari. Kisha akasema, "Baba alinambia nisimwache mtoto yule ndani peke yake na kitu." Akanyamaza tena. "Nami nikawaambia wanangu. Na wanangu wakawaambia wao."

Akamgeukia Mwenzetu. "Ingia ndani."

Mwenzetu akasema, "Miguu yangu ina mchanga, Bi mkubwa."

"Ingia na mchanga wako."

Akaingia. Tulikunywa kahawa sote ndani, na hapana aliyesema mengi. Tulipoondoka, Shangazi alikuwa akimwita kwa jina la ndugu, na mjukuu alikuwa akimtazama yule mzee wa madema kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Hatusemi kwamba yote yamekwisha. Miaka zaidi ya 40 ya kulipwa dirishani haifutwi kwa kikombe kimoja cha kahawa. Twasema tu kwamba mlango ulifunguliwa, na kwamba ulikuwa katika uwezo wetu kuufungua siku zote hizo.

Katika gari, wakati wa kurudi, mmoja wa wale wanafunzi wawili alituuliza, "Maalim, kurunzi ile ilikuwa shilingi ngapi?"

Tukamwambia hatukumbuki, lakini hata ingekuwa ghali kiasi gani, baba yetu angeilipa, nasi tungechapwa viboko vitatu, na jioni ile ile tukala chakula pamoja.

Akafikiri, akasema, "Kwa hivyo ilikuwa rahisi, siku ile."

Naam. Ilikuwa rahisi, siku ile.

Enyi vijana, na enyi wazee wenye watoto, tuna maneno matatu ya kuwaachia kutokana na matembezi haya.

La kwanza ni kwenu wazazi. Mnapowapeleka watoto wenu shamba kwa bibi na babu, na kufanya hivyo ni wema na ni kuunga jamaa, msiwapeleke kama wateja wa hoteli. Mpeni mtoto wako debe, naye ashuke kisimani mara moja walau. Ajue maji yanapotoka na ni kiwiliwili cha nani kinachoyaleta. Pahala pa raha pa mgeni ni pahala pa kazi pa mwenyeji. Lau sisi tungeubeba mzegazega ule siku moja, huenda tungeona uzito wa kumbebesha mwenye nao mzigo mwengine.

La pili ni kwenu mlio na ufito mkononi, wazazi na walimu. Babu yetu hakuwa dhalimu. Alikuwa mtu wa sala, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kosa lake ni kwamba aliwaonea haya wageni wake, akamhukumu aliye mnyonge, na ishara ya uaminifu ilipomjia aliisoma kuwa ni ishara ya wizi. Kabla hujampiga mtoto kwa dhana, jiulize: lau angekuwa mwana wa tajiri, ningemdhania hivi?

La tatu ni letu sote. Mkosefu hupenda kuomba radhi faraghani, kwa kuwa faraghani ni rahisi. Nasi tulikuwa tumetosheka pale chini ya mwembe. Tulikuwa tumekwisha kusamehewa, na moyo ukawa mwepesi. Lakini radhi ya mwembeni ilikuwa inatufaa sisi tu. Aibu ya Mwenzetu haikuwa chini ya mwembe. Ilikuwa barazani kwa Shangazi, na vinywani mwa watoto na wajukuu. Radhi haitimii mpaka ifike kila mahali dhara lilipofika. Ukimsingizia mtu mbele ya watu kumi, nenda kwa hao kumi. Kama umemwonea mtu naye ameshakufa, warudishie warithi wake kilicho chao, msafishie jina lake kwa wale waliolisikia likichafuliwa, na muombee. Wala usingoje. Babu yetu tulimchelewa. Amekwenda na dhana yake, wala hapana gari linalokwenda huko na kurudi.

Wapo miongoni mwenu ambao hivi sasa mnaposoma, kuna jina limewajia. Kesho ni mbali. Gari la kwenda huko lipo leo.

Mwezi ujao, inshaallah, adabu za sinia.

Wassalaam.